Ni Mungu Aliyeahidi, au Ni Wewe?



Wiki hii naomba msome nyumbani pamoja na watoto masomo haya: Mwanzo 15 na 23, Yeremia 28 na 29, na Waebrania 11:8-16. Nitayagusa yote hapa chini.

Wengi wenu mnaijua kazi yangu. Mimi ni muuguzi, na kwa miaka mingi nimefanya zamu ya usiku. Naingia saa moja jioni na kutoka saa moja asubuhi, wakati ninyi mnawaandaa watoto kwenda shule. Katika kazi yetu kuna jambo tunalofundishwa mapema sana: usimwahidi mgonjwa matokeo. Usimwambie "utapona" na hali hujui. Usiiambie familia "msijali, mambo yatakuwa sawa." Hatufundishwi hivyo ili tukose huruma. Ni kwamba ahadi ya namna hiyo ikivunjika, mgonjwa hataamini tena hata yale ya kweli utakayomwambia. Tunaruhusiwa kuahidi yaliyo mikononi mwetu tu: nitakupa dawa ya maumivu, nitarudi saa nne kukuangalia, ukibonyeza kengele hii nitakuja.

Kanuni hiyo nimeishika kazini kwa uaminifu. Kanisani niliivunja bila hata kujua kwamba naivunja.

Miaka kadhaa iliyopita, mume wa dada mmoja wa usharika wetu aliugua. (Dada ameniruhusu niyaandike haya, jina tumeliacha.) Ilikuwa saratani ya ini, na kama inavyotokea mara nyingi kwa ugonjwa huu, ilipogunduliwa ilikuwa imekwisha kuenea. Waliniita nyumbani kwao niwaelezee majibu ya vipimo. Niliyasoma pale mezani na nikaelewa kila kilichoandikwa. Nikawaeleza, kisha tukaomba. Katikati ya maombi, nikiwa nimemshika shemeji mkono, nikasema kwa sauti kubwa kwamba Mungu ameahidi na Mungu si mwongo: shemeji atapona, na atawaona watoto wake wakihitimu. Wote tukaitikia amina. Wiki zilizofuata nilirudia maneno hayo kwenye simu na kwenye ibada ya jumuiya, na kila asubuhi nilimtumia dada ujumbe wa WhatsApp wenye Yeremia 29:11.

Shemeji alifariki mwezi wa pili, wakati huku kwetu Minnesota theluji imefunika kila kitu. Siku chache baada ya mazishi nilikwenda kukaa na dada. Watoto walikuwa chumbani. Alinimiminia chai, akakaa, akaniuliza kwa upole kabisa:

"Dada, nisaidie jambo moja. Yale uliyokuwa ukituambia, ni Mungu aliyeahidi, au ni wewe? Maana kama ni Mungu, basi amesema uongo, na sijui nitamwombaje tena. Na kama ni wewe, nitakusamehe. Lakini naomba uniambie."

Siku ile nilishindwa kumjibu. Nilisema maneno ya kawaida ya msiba nikaondoka. Lakini swali lake lilinifuata kazini usiku baada ya usiku, na lilinirudisha kwenye Biblia kuangalia upya hicho kinachoitwa agano.

Kuagana na agano

Kiswahili chetu kina jambo la kutufundisha hapa. Kuagana ni kupeana kwaheri, na kuagana pia ni kupatana, kuwekeana neno. Ndipo likatoka neno agano. Sisi wa ughaibuni tunazijua maana zote mbili. Pale uwanja wa ndege wa Dar es Salaam au Nairobi, au pale basi lilipoondoka kambini Nyarugusu, tuliagana na wetu kwa machozi, na papo hapo tukawekeana neno: nitapiga simu, nitatuma, nitarudi.

Wahenga walisema ahadi ni deni. Wengi wetu tunayo madeni ya namna hiyo ambayo hayatalipika tena. Tuliyemwahidi alizikwa, na sisi tukayaangalia mazishi yake kwenye simu, tukiwa na nguo za kazini. Kwa hiyo tunaposikia habari za Mungu mwenye kushika agano, moyo unauliza kimyakimya: naye je, ni kama sisi?

Someni Mwanzo 15. Abramu anamwuliza Mungu atajuaje kwamba ataimiliki nchi aliyoambiwa. Mungu hamkemei kwa kuuliza. Anamwambia alete ndama, mbuzi jike, kondoo dume, hua na kinda la njiwa. Wale wanyama wakubwa wanapasuliwa, na vipande vinapangwa vikielekeana. Waebrania walisema "kukata" agano, na Yeremia 34 inatuonyesha desturi yenyewe: wanaofanya agano hupita katikati ya vipande, kana kwamba wanasema, nikilivunja neno langu, yanipate yaliyompata mnyama huyu.

Sasa angalieni ni nani anayepita. Abramu ameshikwa na usingizi mzito. Kinachopita katikati ya vipande ni tanuru lenye moshi na mwenge wa moto, yaani Mungu mwenyewe. Abramu hapiti. Mungu anajifunga peke yake, kwa ajili ya mtu aliyelala.

Lakini usiku huohuo, kabla moto haujapita, Mungu alikuwa amemwambia Abramu jambo ambalo mimi ningelificha. Alimwambia kwamba uzao wake watakuwa wageni katika nchi isiyo yao, watatumikishwa na kuteswa miaka 400, na kwamba yeye mwenyewe Abramu atakufa kabla ya hayo kuisha. Mateso yalitajwa wazi, pamoja na muda wake, usiku uleule wa agano. Mungu alimpa Abramu majibu yote ya vipimo, kisha akajifunga kwake.

Hanania na Yeremia

Mstari niliokuwa nikiutuma kila asubuhi, ule wa Yeremia 29:11 kuhusu mawazo ya amani na tumaini, mnaujua. Uko kwenye vikombe na fulana, na kalenda za kanisa haziukosi. Aibu yangu ni kwamba nilikuwa sijawahi kuutilia maanani mstari wa 10, unaoutangulia. Huo unasema kwamba Mungu atawarudisha watu wake baada ya miaka 70 ya Babeli kutimia.

Mwaka 597 K.K. Nebukadreza, mfalme wa Babeli, alimchukua mateka mfalme Yekonia pamoja na wakuu na mafundi wa Yerusalemu. Watu hao wakajikuta ugenini, kwenye lugha nyingine na miungu mingine. Sura ya 28 inatuambia kwamba huko nyuma Yerusalemu, nabii mmoja aitwaye Hanania alisimama hekaluni mbele ya makuhani na watu wote akatangaza kwa jina la Bwana: miaka miwili tu! Vyombo vya hekalu vitarudi, Yekonia atarudi, mateka wote watarudi. Yeremia alikuwa amevaa nira ya mti shingoni kama ishara ya utumwa wa Babeli. Hanania akaichukua nira ile akaivunja mbele ya watu.

Neno la kwanza la Yeremia kujibu lilikuwa amina. Alisema Bwana na afanye hivyo. Hapo huwa nasimama kidogo. Yeremia naye alitamani mateka warudi upesi, na pengine Hanania aliwapenda watu wake kama mimi nilivyompenda shemeji. Kosa la Hanania ni kwamba alichukua jambo ambalo kila mtu alilitamani, akalipiga muhuri wa jina la Mungu. Baadaye Yeremia akamwambia waziwazi kwamba amewafanya watu waegemee uongo.

Ndipo ikaja barua ya sura ya 29. Mateka waliosomewa barua ile walijua hesabu. Mwenye miaka 30 angepaswa kufika 100 ndipo aone mwisho wake. Wengi walielewa kwamba wao wenyewe hawatarudi. Na bado barua iliwaagiza wajenge nyumba, wapande bustani, waoze watoto wao, na wauombee amani mji walimo. Ahadi ilikuwa ya kweli. Mwaka 539 K.K. Koreshi wa Uajemi aliuteka Babeli, na baadaye Wayahudi wakaruhusiwa kurudi. Lakini wengi wa waliozipanda zile bustani walikuwa wamekwisha kuzikwa kulekule.

Ni nani kati yetu ambaye hajakutana na Hanania? Anakuja na kusema: Mungu ameniambia makaratasi yako yatatoka kabla ya Krismasi, panda mbegu ya imani. Tunamjua, tunamlaumu. Ilinichukua muda kukubali kwamba pale mezani kwa dada, Hanania alikuwa mimi. Sikuomba sadaka, lakini muhuri nilioutumia ulikuwa uleule.

Je, tusiombe tena?

Najua mtu atasema, dada, unaua imani za watu. Yesu aliponya. Yakobo 5 inatuagiza tuwaombee wagonjwa. Ni kweli, na mimi sijaacha kuomba. Nimeona mgonjwa ambaye familia ilikuwa imekwisha kuitwa kumuaga, akafungua macho na kuomba uji. Mungu wetu anaponya, wala sina haja ya kumtetea.

Ninachosema ni kwamba kuomba ni jambo moja na kuahidi ni jambo lingine. Anayeomba anasema na Mungu. Anayeahidi anasema badala ya Mungu. Shadraka, Meshaki na Abednego walikuwa vijana wa uhamisho huohuo wa Babeli. Mbele ya tanuru walimwambia mfalme kwamba Mungu wao aweza kuwaokoa. Lakini hata asipowaokoa, hawataiabudu sanamu yake. Imani yao ilikuwa na nafasi kwa yote mawili. Ile niliyompa dada ilikuwa na mlango mmoja tu, na mlango ule ulipofungwa, yeye alibaki nje kwenye baridi.

Kuna jambo zito zaidi, na hili ndilo linaloniuma mpaka leo. Ugonjwa ule ulimwachia shemeji miezi michache ya kuwa na akili timamu na sauti. Mara mbili alijaribu kuzungumza nasi habari za kifo chake. Mara zote mbili tulimkatiza: usikiri mauti, shemeji! Basi akanyamaza. Hakuwaambia watoto wake neno la mwisho. Hakusema anataka azikwe wapi. Hakumweleza mkewe mambo ya kiwanja cha nyumbani, ni nani anayedai na nani anadaiwa. Kwa jina la agano tulimnyima mtu nafasi ya kuagana.

Ndiyo maana nasema jambo hili linahusu pia haki ya jirani yetu. Mgonjwa ana haki ya kuambiwa kweli, na Mungu ana haki ya kutosingiziwa.

Basi ameahidi nini?

Baada ya kutoa yale tuliyoongeza sisi, je, kinabaki kitu? Kinabaki, tena kikubwa.

Ameahidi kuwa Mungu wetu, na sisi kuwa watu wake. Neno hilo liko Mwanzo 17, likarudiwa Yeremia 31, likafungia Biblia kwenye Ufunuo 21. Ameahidi kutusamehe na kutoikumbuka dhambi yetu tena. Ameahidi kutotuacha. Ameahidi kuwafufua wafu. Kila moja ya hizi iliahidiwa na Mungu mwenyewe, na unaweza kuweka kidole kwenye sura na mstari.

Usiku wa kusalitiwa, Yesu alichukua kikombe akakiita agano jipya katika damu yake (Luka 22:20). Rudini sasa kwenye vile vipande vya Mwanzo 15. Aliyepita katikati peke yake ndiye aliyekuja kuvunjwa mwili, ingawa waliolivunja agano ni sisi. Ndiyo sababu Paulo anaweza kusema kwamba ahadi zote za Mungu zina "ndiyo" yake ndani ya Kristo. Na Paulo huyohuyo, katika Warumi 8, anazitaja dhiki, njaa, hatari, upanga na mauti moja baada ya nyingine. Hakusema hazitatupata. Alisema hazitaweza kututenga na upendo wa Mungu.

Kwa mtu mwenye afya, ahadi ya namna hii huonekana ndogo. Nilidhani hivyo zamani. Lakini muulizeni mgonjwa anayelala macho saa tisa usiku. Nikimwambia "nitarudi saa kumi," anaiangalia saa ya ukutani mpaka anisikie nikija. Sijamponya. Lakini nikirudi saa kumi kweli, huwa analala. Nimeliona hilo mara nyingi sana. Mtu anaweza kuvumilia mengi akijua kwamba aliyesema atakuja, huja.

Abrahamu naye alikufa akiwa na nini mkononi? Katika nchi yote aliyoahidiwa, Mwanzo 23 inatuonyesha akinunua shamba moja lenye pango, Makpela, kwa Efroni Mhiti, kwa shekeli 400 za fedha. Alilinunua ili amzike Sara. Aliingia katika nchi ya ahadi kwa kununua kaburi, akijiita mgeni mbele ya wenyeji. Waebrania 11 inasema kwamba hao wote walikufa kabla ya kuyapokea waliyoahidiwa, ila waliyaona kwa mbali wakayafurahia.

Shemeji alipofariki, tulianza mara moja michango ya kusafirisha mwili. Dada akatuzuia. Alisema azikwe hapa, kwa sababu watoto wako hapa, na siku ya Pasaka wawe na mahali pa kwenda. Wapo walionung'unika kwamba amemtupa mume ugenini. Mimi niliona ni uchovu tu wa msiba. Sasa nadhani siku ile yeye ndiye aliyekuwa na imani ya Abrahamu kutuzidi sote. Alinunua kipande cha ardhi ya kigeni, akamlaza humo mpendwa wake, akimtarajia Mungu afufuaye.

Tuseme nini basi?

Kabla ya kusema "Mungu ameahidi," tujiulize: ameahidi wapi, na amemwahidi nani? Mimi najiuliza pia: je, ningethubutu kusema neno hili nikiwa kazini, nimevaa sare?

Kwa mgonjwa tunaweza kusema: sijui kama utapona; tunamwomba Mungu akuponye; lolote litakalokuwa, Bwana hatakuacha, na sisi tutakuja. Kisha twende kweli. Akitaka kuzungumza habari za kifo, tukae chini tumsikilize.

Kwa anayesubiri makaratasi, tuombe naye, halafu mmoja wetu amsindikize kwa wakili na mahakamani, asikae peke yake kwenye ile benchi. Tusimpangie Mungu tarehe.

Na kwa watoto wetu, tuwe waangalifu zaidi. Mtoto akiambiwa na mama yake kwamba Mungu ameahidi jambo, naye akaona halikutokea, hatasema mama alikosea. Atasema Mungu hayupo. Tunalalamika kwamba vijana wetu wanaacha kanisa wakifika chuo. Pengine baadhi yao wanaondoka kwa sababu ya ahadi ambazo Mungu hakuzitoa.

Nilirudi kwa dada baada ya wiki tatu. Nilimwambia: "Ilikuwa ni mimi. Mungu hakusema vile. Nilitamani sana, nikaweka jina lake. Nisamehe."

Alikaa kimya kwa muda mrefu, akachezea kikombe chake. Kisha akasema, "Asante, dada. Basi bado naweza kumwomba."

Tuliomba siku ile. Maombi yalikuwa mafupi. Wakati wa kuondoka nilimwambia nitakuja Alhamisi saa kumi na moja kuwasaidia watoto na hesabu. Alhamisi ilipofika theluji ilikuwa nyingi na mimi nilikuwa nimetoka zamu, nimechoka. Nilikwenda.

*Maswali ya jumuiya:* Je, uliwahi kuahidiwa jambo kwa jina la Mungu ambalo halikutokea? Lilikufanyia nini? Yuko mtu ambaye sisi tulimwahidi hivyo, naye tunapaswa kumrudia?

*Tuombe:* Ee Bwana uliyejifunga kwetu wakati tumelala, tusamehe kwa yote tuliyoyasema kwa jina lako bila wewe kututuma. Tufundishe kukuomba bila woga na kusema kweli bila kukata tamaa. Wakumbuke wajane, wagonjwa na wote wanaosubiri. Amina.